Riwaya za Upelelezi: Upuuzi au Riziki ya Halali?

Jioni moja ya mwezi uliopita, tulipokwisha kusali Magharibi, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Kibokoni, dele la kahawa liko mbele yangu, alipokuja kijana mmoja wa Kuze ambaye babake nilisoma naye chuo kimoja. Alinisalimu kwa adabu, akanibusu mkono, akakaa upande. Kwapani alikuwa na bahasha kubwa ya khaki.

"Maalim," akaniambia, "nimekuja kwa shauri. Lakini kwanza uniapie kuwa hutamwambia baba."

"Mwanangu," nikamjibu, "mtu haapi kwa jambo asilolijua. Sema kwanza."

Akaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na mswada wa kurasa 180, riwaya ya upelelezi. Kontena lafunguliwa bandarini Kilindini, mzigo hamna, na badala ya mzigo yumo karani wa forodha, amekufa. Chini ya mswada palikuwa na karatasi mbili za mkataba kutoka kwa mchapishaji mmoja, ambaye jina lake sitalitaja. Mkataba ulisema kijana atalipwa shilingi 30,000 mara moja tu, na haki zote za kitabu zitakuwa mali ya mchapishaji milele. Tena, kwa mdomo, aliambiwa atie "chumvi" kidogo, yaani sura mbili za mambo ya kitandani, kwani bila ya hayo, ati, kitabu hakitembei. Alipewa siku kumi ajibu.

Kijana huyu ni tarishi katika ofisi ya wakala wa forodha. Anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Shilingi 30,000 kwake si mchezo. Hata hivyo alikuja na maswali matatu: Je, ni halali mtu kula kwa kutunga uongo wa mauaji? Je, atie chumvi? Na je, aweke sahihi?

Nilimwomba siku saba, nikausoma mswada. Yafuatayo ndiyo niliyomjibu. Naona ni heri niyaandike hapa, kwani hapana shaka katika miji yetu, kuanzia Vanga mpaka Lamu, wako wengine wenye bahasha kama ile na wanaona haya kuuliza.

KANZU YA YUSUF

Kwanza nikiri kosa langu. Sisi washairi tuna kiburi. Mtu akitunga tenzi za beti mia tano twampisha barazani, lakini akiandika riwaya ya upelelezi twasema amepoteza wino. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni nilikamatwa na kitabu cha Bwana Msa nimekificha ndani ya juzuu, nikala bakora tatu. Kwa kosa la kukificha ndani ya juzuu, bakora zile zilikuwa haki yangu. Kwa kosa la kukisoma, mpaka leo sijaridhika.

Hebu tuifikiri sura ya Yusuf, ambayo sote tuliisoma tungali wadogo. Humo mna kanzu tatu. Ya kwanza ni ile ndugu zake waliyompelekea baba yao imepakwa damu ya uongo, wakidai Yusuf ameliwa na mbwamwitu. Wafasiri wa Qur'ani wametueleza kuwa kanzu ile haikuwa imeraruka. Mbwamwitu gani huyo, mpole kiasi cha kumvua mtu kanzu ndipo amle? Ya pili ni ile iliyovutwa na mke wa mheshimiwa wa Misri. Yeye adai hivi na Yusuf asema vile, wala hapana aliyeona. Ndipo mtu mmoja katika jamaa wa yule mwanamke akatoa hukumu ya akili: itazameni kanzu. Ikiwa imechanika mbele, mwanamke amesema kweli. Ikiwa imechanika nyuma, mkweli ni Yusuf. Ikatazamwa, ikaonekana imechanika nyuma. Ya tatu ni ile iliyomrudishia Yaakub macho yake.

Basi msomaji, nakuomba uitafakari ile kanzu ya pili. Shahidi wa macho hapana, kiapo hapana, bakora hapana. Pana kitambaa kilichochanika, na pana mtu mwenye akili ya kuuliza kimechanika upande gani. Hilo ndilo shina la upelelezi. Mimi si mufti, wala sisemi kuwa riwaya ni sawa na maneno matukufu, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba kumfundisha msomaji atazame dalili kabla ya kumhukumu mtu si upuuzi. Katika mitaa yetu, ambamo jina la mtu lavunjwa kwa uvumi wa kahawani, hilo ni jambo la maana sana.

Ama kuhusu "uongo" wa kutunga, wazee wetu hawakuwa wachanga. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat, visa vya ayari mmoja msemaji wa kuwapumbaza watu, na kitabu hicho kilisomwa katika madarasa ya lugha ya Kiarabu kwa karne nyingi. Kabla yake Ibn al-Muqaffa alikwisha kutia katika Kiarabu hadithi za Kalila na Dimna, ambamo wanyama wanasema. Hapana aliyedai kuwa mbweha amesema kweli. Uongo unaokatazwa ni wa kumdanganya mtu aamini, na msomaji wa riwaya ajua tangu jaladani kuwa ameingia katika mchezo.

JAAFARI HAKUPELELEZA

Wengine watasema: mauaji na siri vimo katika Alfu Lela Ulela tangu zamani, hayo ya Wazungu yana jipya gani? Ni kweli vimo. Katika kisa cha matufaha matatu, sanduku latolewa katika mto wa Tigri, ndani mna maiti ya mwanamke. Khalifa Harun Rashid ampa waziri wake Jaafari siku tatu amlete muuaji, ama sivyo atauawa yeye. Na Jaafari afanya nini? Aenda nyumbani kwake, akae siku tatu akingoja amri ya Mungu! Siku ya kuuawa ikifika, muuaji ajitokeza mwenyewe katikati ya umati akakiri.

Ni kisa kitamu, lakini ukweli ulikuja kwa miguu yake wenyewe. Katika riwaya ya upelelezi ukweli hauji. Lazima mtu atoke akautafute, ahoji, apime, akosee, arudi nyuma, afikiri tena. Hapo ndipo mswada wa kijana wetu ulipoanguka. Mpelelezi wake, baada ya kurasa 160 za mbio na bunduki, aota ndoto, na katika ndoto amwona muuaji. Na muuaji huyo, lahaula, ni mtu ambaye hatukupata kumwona tangu ukurasa wa kwanza! Nikamwambia, "Mwanangu, Jaafari alikuwa na khalifa wa kumsamehe. Wewe utasamehewa na nani, na mtu ametoa pesa zake kununua kitabu?"

BWANA MSA NA KIKO CHAKE

Ukitaka kujua fundi hufanyaje, mtazame Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kwa muda wa miaka kumi hivi, kisha mwaka 1948 akaingia katika uandishi wa magazeti. Baadaye alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima mpaka alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwaka 1991.

Mwaka 1957-58 lile shirika la vitabu lililoitwa East African Literature Bureau lilifanya mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili, na Abdulla akashika nafasi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kilitoka mwaka 1960. Kikafuatwa na Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Kiko cha Bwana Msa kimetoka London, hilo halifichiki. Sherlock Holmes alikivuta kwanza. Lakini fundi huazima tezo, hukata mti wa kwao. Katika Mzimu watu wamezoea kuamini kuwa mzimuni hutenda mizimu. Bwana Msa atafuta mkono wa mwanadamu. Mafumbo yake mengi yamefungwa katika nasaba: nani mwana wa nani, nani alilelewa na nani, nani ameficha asili yake. Hayo si mambo ya London. Hayo ni mambo ya nyumba zetu, ambamo mtu huulizwa ukoo kabla hajaulizwa jina. Mimi huona pia kwamba ile miaka kumi ya ukaguzi haikupotea, kwani mkaguzi wa afya huingia uani mwa watu na hujifunza kutazama kile ambacho wenyeji wamekwisha kuacha kukiona.

Tena mtazame Najum, rafiki wa Bwana Msa. Najum aona yote ayaonayo Bwana Msa, lakini haelewi. Hii ni hila ya ufundi, wala si mapambo. Lau tungekaa ndani ya kichwa cha Bwana Msa, siri ingefichuka mapema. Lau tungekaa mbali naye, tungedai tumefichwa. Najum atuweka pale panapofaa.

KETE ZIKO WAZI

Nilipokuwa nikimweleza kijana hayo, nilimwonyesha wazee wawili waliokuwa wakicheza bao kando yetu. "Watazame," nikamwambia. "Kete zote ziko wazi ubaoni. Hapana kete iliyofichwa mfukoni. Hata hivyo mmoja atashinda, na mwenziwe atasema sikuiona ile." Riwaya ya upelelezi ni bao. Dalili yote iwe mbele ya macho ya msomaji, na muuaji naye awe amepita mbele yake mapema, akitoa salamu kama watu. Ufundi ni kuitaja dalili mahali ambapo msomaji anashughulika na jambo jingine, iwe katikati ya ugomvi, au katika orodha ya vitu vya nyumbani.

Jambo la pili: aanze na mwisho. Fundi wa jahazi huweka mkuku kwanza, mbao zafuata. Mwandishi ambaye hajui muuaji ni nani mpaka afike sura ya mwisho ataota ndoto tu, kama alivyoota huyu.

Jambo la tatu: atumie ajuayo. Katika mswada ule palikuwa na mkahawa wa New York ambao kijana hajapata kuuona, na ulisomeka kama maji ya mchele. Lakini palikuwa na ukurasa mmoja juu ya kontena linavyofungwa kwa lakiri, na kila lakiri ina nambari yake, na nambari ile huandikwa katika hati za mzigo ili mwisho wa safari ilinganishwe. Ukurasa huo ulinifanya nikae wima. "Hii umeitoa wapi?" nikamwuliza. Akacheka, "Maalim, hiyo si kitu, ndiyo kazi yangu ya kila siku."

"Hiyo ndiyo kanzu yako iliyochanika nyuma," nikamwambia. "Umeiacha imelala."

MSHAIRI WA ALLAHABAD

Sasa lile swali la chumvi. Ni kweli chumvi huuza. Katika miaka ya 1970 jijini Nairobi, David Maillu alianzisha kampuni yake ya Comb Books, akatoa kwa Kiingereza vitabu vidogo vya ulevi na mapenzi ya mjini, na watu wakavinunua kama njugu. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku. Haki yake apewe: alithubutu kumtafuta msomaji wa kawaida ambaye wachapishaji wakubwa hawakumjali, tena kwa mtaji wake mwenyewe. Lakini je, hapana njia nyingine?

Ipo. Alikuwako India kijana mmoja mshairi, jina lake Asrar Ahmad, aliyezaliwa mwaka 1928 katika wilaya ya Allahabad. Mwanzo wa miaka ya 1950, katika mazungumzo, mtu mmoja alidai kuwa kwa Kiurdu hakiuziki kitu ila mambo ya matamanio. Asrar Ahmad akabisha, na hakubisha kwa mdomo tu. Mwaka 1952, kwa jina la Ibn-e-Safi, alianza mfululizo wa riwaya fupi za upelelezi ulioitwa Jasoosi Dunya. Mwaka huohuo alihamia Karachi, na mwaka 1955 akaongeza mfululizo wa pili, wa Imran, jasusi ajifanyaye mjinga ili adui amdharau. Kwa miaka mingi alitoa kitabu karibu kila mwezi. Kati ya 1960 na 1963 aliugua maradhi ya akili, asiweze kuandika. Alipopona akarudi na wasomaji wakampokea kama maharusi. Alipofariki mwaka 1980, siku aliyotimiza miaka 52, alikuwa ameacha riwaya zaidi ya 200, zilizosomwa Pakistan na India na baba, mama na watoto wa nyumba moja, bila ya mmoja kumficha mwenziwe.

Basi mtu huyu alikuwa mshairi kama sisi, Mwislamu kama sisi, na alikula kwa kalamu yake bila ya kuivua nguo. Siri yake ilikuwa nini? Mzaha safi, taharuki, na wahusika ambao msomaji huwakumbuka kama jamaa zake. Nikamwambia kijana: anayetia chumvi nyingi, mara nyingi mchuzi wake haukuiva.

Lakini Ibn-e-Safi naye hakusalimika. Jina lake lilipovuma, walizuka waandishi wa kuiga waliojipa majina yanayofanana na lake, na wahusika wake wakaandikwa na mikono ya watu wengine. Hapo ndipo tunapoingia katika swali la tatu, ambalo ni la fedha na sheria.

PAUNI 25

Mwaka 1887 daktari mmoja kijana nchini Uingereza, Arthur Conan Doyle, alitoa kitabu cha kwanza cha Sherlock Holmes. Kilikuwa kimekataliwa kwingine. Mchapishaji aliyekikubali, Ward Lock, alimpa pauni 25 kwa haki zote. Doyle akapokea. Kitabu kile kikachapishwa tena na tena, kikazunguka dunia, naye hakupata hata senti moja zaidi kwacho.

Na mimi, msomaji mpenzi, nina pauni 25 zangu. Mwaka 1997 niliuza mkusanyo wa hadithi fupi kwa shilingi 6,000, haki zote. Nilikuwa nimeoa karibuni, nikanunua kabati na godoro. Baadaye nikakiona kitabu changu dukani kimechapishwa mara ya tatu, jalada jipya, nami sina hata nakala ya bure. Mchapishaji simtaji, kwani hakuiba. Niliweka sahihi kwa mkono wangu mwenyewe, bila ya kusoma ukurasa wa pili. Mimi niliyefundishwa tangu utoto kwamba deni huandikwa na mashahidi wakawekwa, nilitia saini kama kipofu.

Basi tufanye hesabu. Mwandishi hulipwa kwa njia mbili. Ama hununuliwa moja kwa moja, ama hupewa mirabaha, yaani sehemu ya kila nakala inayouzwa, aghalabu asilimia 10 au karibu yake. Tuseme kitabu ni shilingi 500. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 50. Lakini soma vizuri: ni asilimia 10 ya bei ya dukani, au ya fedha zinazomfikia mchapishaji baada ya kumpunguzia mwenye duka? Ikiwa mwenye duka amepunguziwa theluthi moja, shilingi 50 zako zimekuwa 33. Maneno mawili katika mkataba yamekula shilingi 17 za kila nakala.

Kwa shilingi 50, zile 30,000 za kijana wetu ni sawa na nakala 600. Kikiuzwa nakala 400 tu, yeye amefaidi na mchapishaji amepata hasara. Kikiuzwa 3,000, kijana amepoteza shilingi 120,000. Mchapishaji naye ana hoja: karatasi, wino, uhariri na usafiri vyote ni juu yake. Hapa Kenya wachapishaji huishi kwa vitabu vya shule, na riwaya isiyoingia darasani huweza kulala ghalani mpaka ikaliwa na mende. Kwa hiyo kulipwa kidogo si lazima iwe dhuluma. Ubaya umo katika lile neno "milele".

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yampa mwandishi haki ya kazi yake kwa maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwenye kutia sahihi ya "haki zote, milele" hauzi chake peke yake, auza na cha wanawe. Sheria hiyohiyo yasema kuihamisha haki ya mwandishi hakufai ila kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Kwa hiyo bila ya sahihi yako haki haikutoki, na ukisha kuiweka imekwenda. Mwandishi aweza kukodisha badala ya kuuza: haki ya kuchapisha kitabu tu, kwa Kiswahili tu, kwa miaka mitano, na filamu, redio na tafsiri zibaki kwake. Mtu mwenye nyumba huko Mji wa Kale hauzi nyumba kwa sababu ya kodi ya miezi mitatu, huikodisha.

WALIOJITEGEMEA

Wengine waliona njia ni kujisimamia. Faraji Katalambulla, aliyetoa Simu ya Kifo mwaka 1965, alifungua mlango, na Tanzania ikajaa waandishi wa namna hii. Elvis Musiba, mtungaji wa Kufa na Kupona na wa jasusi Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara hasa, aliyewahi kuongoza chemba ya wafanyabiashara wa Tanzania. Hakungoja mirabaha ndipo ale. Ben Mtobwa, mtungaji wa Joram Kiango, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, na alipofariki mwaka 2008 aliacha vitabu ambavyo hata watu wasiopenda kusoma wanavijua kwa majina.

Siku hizi vijana hawahitaji hata mtambo wa kuchapa. Hutuma hadithi kwa WhatsApp, sura baada ya sura, na msomaji hulipa kwa M-Pesa. Njia ni nzuri, lakini ina miiba miwili. Mmoja ni kwamba msomaji mmoja hulipa na kuwatumia wenziwe mia bure. Wa pili ni wa ufundi: anayeandika sura leo ili aitume leo hana mkuku, na jahazi lake hupinda. Conan Doyle alilikabili jambo hili mwaka 1891. Aliona kuwa hadithi ndefu ya kukatwakatwa gazetini humpoteza msomaji aliyekosa toleo moja, basi akaandika visa vifupi, kila kimoja kimekamilika, na Holmes akawa uzi wa kuviunganisha. Jarida likauzika, naye akatajirika. Vijana wetu wa simu wangefanya vyema kulifikiri hilo.

JAWABU LAKE

Siku ya saba kijana alirudi. Nikamwambia: kuandika ni halali kwa ninavyojua, na ukitaka hukumu ya mwenye elimu nenda kwa kadhi, usimwogope. Chumvi usitie, kwani kitabu utakachomficha babako kitakutafuna. Mkataba urudishe, uombe mirabaha au muda maalumu. Na ndoto ile uifute.

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Na kodi, Maalim?"

Swali hilo sikuwa na jawabu lake kitabuni. Nilikuwa na shilingi elfu kumi niliyoweka kwa ajili ya kupaka nyumba chokaa kabla ya Ramadhani. Nikamkopesha, tukaandikiana, na wale wazee wawili wa bao wakawa mashahidi.

Alikwenda kwa mchapishaji. Chumvi walikubali kuiacha. Juu ya haki hawakuteremka hata hatua moja, basi akaichukua bahasha yake akarudi nayo nyumbani. Baba yake amekwisha kujua, naye alikasirika siku mbili, kisha akaanza kuuliza kontena lile lilitoka wapi.

Wiki iliyopita kijana alinipa sura ya kwanza aliyoiandika upya. New York haimo. Iko Kilindini, na jua, na makarani, na nambari ya lakiri imetajwa katikati ya ugomvi juu ya bilauri ya chai iliyomwagika. Sikuishughulikia hata kidogo mpaka yeye aliponionyesha. Nimeisoma sura ile mara mbili, na muuaji, aniambia, amo ndani yake. Mpaka leo sijamjua.